Usimwite bosi kabla hujamfundisha hesabu

Kijana akishajiunga na kundi la kuuza kwa kamisheni mtandaoni, somo la kwanza analopewa haligusi bidhaa wala mteja. Linagusa kichwa chake. Anaambiwa aache akili ya kuajiriwa. Anaambiwa mshahara ni kamba ya shingoni, na kwamba wanaomcheka leo watamkopa kesho. Anaambiwa kuanzia sasa yeye ni bosi. Aliyemwingiza anaitwa kiongozi, na kila alfajiri kundi la WhatsApp linafunguliwa kwa salamu ya "mabosi, mmeamkaje?" Wiki ya pili anatakiwa afike semina. Wiki ya tatu apige picha akiwa ndani ya suti, hata kama ni ya kuazima. Mwezi ukiisha bila mauzo, jibu liko tayari: hujabadilika bado, akili ya kuajiriwa imekuganda.

Na lengo lenyewe sina ugomvi. Anayelipwa kwa kamisheni hawezi kufanya kazi kama anayelipwa tarehe 25, na wengi wanaoanza hukwama kwa sababu wanakaa kusubiri waelekezwe. Ninachogombana nacho ni namna somo hili linavyofundishwa kwetu. Linamtoa mtu akiwa mtiifu kuliko karani wa ofisini, kisha hasara yote linamwachia yeye. Mtu wa namna hiyo hajajiajiri. Ameajiriwa bila mshahara.

Sisemi hivyo kwa kejeli. Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inataja dalili za kumtambua mwajiriwa, hata kama karatasi aliyosaini inamwita jina jingine. Namna anavyofanya kazi inaongozwa na mtu mwingine? Saa zake zinapangwa na huyo mwingine? Amemfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Kiuchumi anamtegemea? Vifaa vya kazi anapewa naye? Anamtumikia yeye peke yake? Ikionekana dalili moja tu, sheria inaanza kwa kuchukulia kwamba huyo ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Sasa mchukue kijana wetu umpitishe humo. Anaambiwa apandishe matangazo matatu kwa siku, na maneno ya kuandika analetewa yakiwa tayari. Saa tatu usiku lazima awe kwenye kikao cha mtandaoni, asipoingia anaulizwa mbele ya wenzake. Akitaka kuuza na bidhaa ya kampuni nyingine anaitwa msaliti. Sisemi akimbilie CMA, tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi, kesho asubuhi. Nasema tu kwamba ukiondoa neno "bosi" kwenye maelezo haya, kinachobaki kinafanana sana na ajira, isipokuwa siku ya kulipwa haimo.

Anayetaka kumwona mtu aliyejiajiri kwa kamisheni asiende ukumbi wa hoteli. Aende Kariakoo, mtaa wa Kongo au Aggrey, amtazame winga. Winga hana duka wala mzigo. Anaingia kwenye maduka ya watu, anapiga picha za viatu, mikoba na vyombo vya jikoni, anaziweka kwenye status. Duka linauza 18,000, yeye anataja 25,000, na hiyo 7,000 ndiyo cha juu yake. Mteja wa Kigamboni anatumiwa bodaboda, wa Mbeya anapakiwa mzigo kwenye basi. Winga mzoefu anajua duka gani linakubali kurudishiwa kiatu kilichobana na lipi halitaki hata kusikia. Anajua mteja gani huagiza kila mwisho wa mwezi na gani anauliza bei ili apoteze muda. Kwa kila aina ya bidhaa ana maduka matatu au manne, na moja likipandisha bei anavuka barabara.

Huyu hakufundishwa akili ya kujiajiri na mtu yeyote. Alifundishwa na nauli. Akitoka Mbagala asubuhi na kurudi jioni bila kuuza, anajua kabisa amepoteza shilingi ngapi, maana zimetoka mfukoni mwake. Anayeuza kwa linki, yaani anwani ya mtandaoni yenye utambulisho wake inayompeleka mteja kwa kampuni, haoni nauli akiwa kitandani. Bando linaisha polepole, tangazo la Instagram linakatwa kidogo kidogo, na makato ya kutoa pesa kwenye simu hayakumbukwi na mtu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya anayemfundisha mgeni wa biashara hii ni kuzifanya gharama hizo zionekane kama nauli inavyoonekana.

Tufanye hesabu ya kubuni, lakini isiyo mbali na maisha. Kijana analipa 50,000 kununua kozi inayompa haki ya kuiuza kozi hiyohiyo kwa wengine. Kamisheni ni asilimia 40, yaani 20,000 kwa kila mnunuzi. Mwezi wa kwanza anatumia bando la 30,000 na matangazo ya 5,000 kwa siku 20, ambayo ni 100,000. Jumla ametoa 180,000. Anauza kozi saba, zinaingia 140,000. Kwenye kundi anapigiwa makofi, jina lake linawekwa kwenye bango lenye picha yake na nyota za dhahabu: laki moja na arobaini ndani ya siku 30! Hakuna anayetaja kwamba amepoteza 40,000.

Tuseme anamwendea kiongozi wake faragha.

"Kiongozi, mwezi huu nimetoa laki na themanini, nimepata laki na arobaini."

"Mdogo wangu, hiyo ni ada ya shule. Wanaoacha ndio wanaoshindwa."

Jibu hilo ni tamu na ni baya. Ada ya shule ina muhula, mtaala, na siku ya mtihani. Hii haina hata kimoja. Mwezi wa pili, bila ya ile 50,000 ya kuingilia, kijana akiuza tena kozi saba atakuwa ametoa 130,000 na kubakiwa na 10,000. Kama alikaa kwenye simu saa nne kwa siku, siku 25, hizo ni saa 100. Amelipwa shilingi 100 kwa saa. Huenda ana sababu nzuri ya kuendelea: anajifunza kuandika matangazo, anapata wateja watakaorudi, gharama zinaanza kushuka. Huenda pia hana. Aliyejiajiri ni yule anayeweza kuitazama hiyo 100 na kuamua mwenyewe, bila kuitwa mwoga.

Halafu kuna suala la muda wa malipo, ambalo makocha wengi hulipita mbio. Programu ya kamisheni ya Amazon, duka la mtandaoni la Marekani, iliyoanza mwaka 1996 na kuwa mama wa biashara hii ya kulipwa kwa linki, hulipa takriban siku 60 baada ya mwezi wa mauzo kuisha. Tangazo unalilipia leo, kamisheni inakuja baada ya miezi miwili na zaidi. Wakala wa M-Pesa anayajua haya kwa jina la floti: biashara inaweza kuwa na faida kwenye karatasi na bado ikafungwa kwa kukosa pesa ya kuzungusha. Mgeni asiyeambiwa hili mapema atakopa, na atakopa kwenye zile programu za simu zinazompigia mama yake siku ya kulipa ikipita.

Kuna jambo jingine ambalo winga analijua na mwenye linki analazimika kujifunza upya. Winga huficha duka. Mteja akijua duka lilipo, cha juu kimekufa. Mwenye linki anafanya kinyume: linki yenyewe inampeleka mteja mpaka mlangoni na kumwonyesha jina la mwenye mali. Ulinzi wake pekee ni ile kumbukumbu inayobaki kwenye simu ya mteja kwamba alipitia kwake, nayo ina ukomo. Kwa Amazon ni saa 24. Mteja akifikiria siku mbili, akamuuliza mume wake, kisha akarudi kwa njia yake mwenyewe, kamisheni haipo.

Na mteja wa kwetu ndivyo alivyo. Anaiona linki, haigusi. Anaandika "bei gani?" Ukimjibu anauliza "mko wapi?" Kisha anaomba namba, anapiga, anasikiliza sauti kama ni ya mtu mkweli, anapunguziwa, ndipo analipa kwa simu. Mauzo yamefanyika, na kwenye mfumo wa kampuni yako hujulikani. Makocha wanaotafsiri masomo ya Marekani neno kwa neno hawaligusi hili kabisa. Wanafundisha "sambaza linki" kana kwamba tunanunua kama watu wa Ohio. Anayewajua wateja wa Dar es Salaam au Mombasa angemwambia mgeni wake atafute kwanza kampuni inayotoa msimbo wa punguzo wenye jina lake, ambao mteja anaweza kuutamka kwa mdomo akiwa kwenye simu au amesimama dukani. Angemwambia pia aandike majina ya walionunua kwenye daftari lake, kwa sababu mteja anayekukumbuka kwa jina ndiye mali pekee ambayo kampuni haiwezi kukufutia.

Nikiwa hapohapo: mweleze mteja kwamba unalipwa akinunua. Winga anaweza kunyamaza kwa kuwa kila mtu Kariakoo anajua winga anaishi kwa nini. Mtandaoni mteja hajui, na siku akigundua kwamba "ushauri wa dada yako" ulikuwa wa kulipwa, hasira yake haitaishia kwenye bidhaa. Marekani mamlaka ya biashara, FTC, inalazimisha jambo hilo litajwe waziwazi. Hapa hata bila kulazimishwa ni busara ya kibiashara.

Lakini yote haya yanategemea swali moja ambalo wageni hufundishwa kutoliuliza: anayenifundisha analipwa na nani? Kama analipwa pale bidhaa inapomfikia mtu anayeitaka kwa ajili ya kuitumia, basi faida yake na yangu zinatembea pamoja. Kama analipwa kwa kiingilio changu, somo lake lote la "usikate tamaa" lina bei, na bei hiyo ninailipa mimi. Hapo ndipo biashara ya kamisheni inapopakana na upatu wa piramidi, ambao walioingia mbele hulipwa kwa viingilio vya wanaokuja nyuma, na mpaka wenyewe ni mwembamba kuliko mabango yanavyoonyesha.

Afrika Mashariki imeshalipia elimu hii. Kenya, kikosi kazi kilichoongozwa na Francis Nyenze kiliripoti mwaka 2009 kwamba watu zaidi ya 148,000 walikuwa wamepoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 za Kenya kwenye miradi ya piramidi. Mwaka huohuo Tanzania ilikuwa ikihangaika na DECI, iliyopita makanisani ikiahidi kwamba pesa iliyopandwa kama mbegu itavunwa maradufu. Viongozi wake, ambao ni wachungaji, walitiwa hatiani na mahakama ya Kisutu mwaka 2013. Mapema 2025 ikawa zamu ya LBL, iliyoahidi watu malipo kwa kutazama video kwenye simu baada ya kulipa kiingilio. Kila mara walioingia waliambiwa wanatoka kwenye akili ya umaskini. Sioni kama ni bahati mbaya kwamba maneno ya kujenga moyo hushamiri zaidi pale ambapo bidhaa ni hafifu. Anayeuza sufuria nzuri hahitaji kumtabiria mtu utajiri.

Marekani kuna kesi ambayo ningependa kila kiongozi wa kundi aijue. Mwaka 1979 FTC iliamua kwamba kampuni ya Amway haikuwa piramidi, na sababu mojawapo ilikuwa kanuni za kampuni hiyo yenyewe: msambazaji auze angalau asilimia 70 ya alichonunua kabla ya kuagiza tena, na awe ameuza kwa wateja wa kawaida wasiopungua 10 katika mwezi ndipo apate bonasi inayotokana na watu aliowaingiza. Unaweza kubisha kama kanuni hizo zilifuatwa kweli, wengi wamebisha. Bado kanuni ya wateja 10 inabaki kuwa zana bora ya kumfundishia mgeni kuliko semina yoyote. Mwambie hivi: hutamwingiza ndugu yako wala jirani yako mpaka watu 10 wasio wanachama wawe wamenunua kwako kwa sababu walihitaji kitu. Akifika 10, ameshajua bei inayokubalika, malalamiko yanayojirudia, na nani anarudisha. Ana cha kumfundisha mtu wa pili. Asipofika, amegundua jambo muhimu kabla hajamtia hasarani shangazi yake.

Najua pingamizi la viongozi wa makundi, maana nimelisikia sana: kanuni hiyo ya wateja 10 itachelewesha ukuaji wa timu. Itachelewesha, ndiyo. Inachelewesha ule ukuaji unaotokana na kuingiza watu, na haigusi ule unaotokana na kuuza.

Takwimu nazo zinasema jambo hilohilo kwa ukali zaidi. Septemba 2024 watumishi wa FTC walitoa ripoti baada ya kupitia taarifa za mapato zilizotolewa na kampuni 70 za biashara ya mtandao wa watu, ile ya kuingizana ngazi kwa ngazi. Sehemu kubwa ya washiriki walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima, na taarifa nyingi hazikukata gharama walizobeba. Ni ile hesabu yetu ya kozi saba, ikifanywa na kampuni zenyewe, nchini kwao. Biashara ya linki pekee, isiyo na ngazi za watu chini yako, ni kitu tofauti na haiingii kwenye ripoti hiyo. Ila makundi mengi ya hapa yamechanganya viwili hivyo kwenye chungu kimoja, na mgeni hawezi kujua anakula kipi.

Yule kijana anayeambiwa ni msaliti akiuza bidhaa za kampuni nyingine, turudi kwake kidogo. Utiifu kwa kampuni moja ni sifa ya mwajiriwa, naye hulipwa kwa utiifu huo: notisi, likizo, michango ya NSSF. Aliyejiajiri akiwa mtiifu kwa mwenye mali mmoja amebeba hatari ya pande zote mbili. Aprili 2020 Amazon ilishusha kamisheni za samani na bidhaa za nyumbani kutoka asilimia 8 hadi 3, na za vyakula kutoka 5 hadi 1. Waliojenga maisha yao juu ya makundi hayo ya bidhaa walipoteza zaidi ya nusu ya kipato kwa uamuzi wa mtu wasiyemjua. Karibu na kwetu, Jumia ilifunga duka lake la mtandaoni Tanzania Novemba 2019, na linki za kuuzia za huku zikawa maandishi matupu. Winga asingekuwa na shida. Angevuka barabara.

Kwa hiyo kocha anayetaka kweli mgeni wake ajiajiri angemhimiza awe na wauzaji wawili au watatu, hata kama mmoja wao si yeye. Wangapi wana ubavu huo?

Kuna na yale ya kuchosha ambayo hayafai kuwekwa kwenye bango. Kuwa bosi wa nafsi yako Kenya maana yake ni kulipa mwenyewe mchango wa bima ya afya, SHIF, asilimia 2.75 ya kipato na si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na kama unataka akiba ya uzeeni kuna mpango wa NSSF wa Haba Haba ulioanza na shilingi 25 kwa siku. Tanzania ni TIN, na kutunza kumbukumbu za mauzo, kwa sababu mfanyabiashara mdogo anayeweza kuonyesha mauzo yake hukadiriwa kodi vizuri kuliko anayekisia mbele ya ofisa. Nusu saa ya mambo haya katika wiki ya kwanza ina faida kuliko jioni tatu za kupiga mayowe ya "mimi ni mshindi". Lakini nani atajaza ukumbi kwa tangazo la somo la kumbukumbu za mauzo?

Ningeanza na mgeni kwa karatasi moja. Aandike kiasi ambacho yuko tayari kukipoteza bila kuuza simu yake, tuseme 150,000. Aandike tarehe, labda miezi mitatu mbele. Kiongozi aliyemwingiza asaini chini kama shahidi. Kila Jumapili waketi dakika 20, wapige hesabu ya kilichotoka na kilichoingia, saa zikiwemo. Wasiseme neno kuhusu ndoto. Tarehe ikifika, kama kiasi kimekwisha na daftari halionyeshi dalili ya kugeuka, kiongozi amwambie kwa mdomo wake kwamba hesabu imekataa na kuacha ni uamuzi wa kibiashara kama mwingine wowote. Na majina ya wateja aliyoyakusanya ni yake, aondoke nayo. Mwezi ujao anaweza kuwauzia vitenge.